Maswali ya Wasomaji: Samoni, Makalavati na Magogo ya Mtoni

Barua nne zilizotufikia kwa nyakati tofauti zimegusa jambo moja, nalo ni namna wahandisi wanavyojenga, na wakati mwingine wanavyobomoa, ili samaki wapate kupanda mto. Tumeona ni vyema tuzijibu kwa pamoja.

SWALI: Ndugu mjibu maswali, pokea salamu kutoka Tacoma, jimbo la Washington, Marekani, ambako naendesha lori. Barabara ninayopita kila siku ilifungwa upande mmoja kwa miezi kadhaa. Nilidhani wanaipanua, kumbe wameng'oa kalavati la bomba lililokuwa likipitisha maji chini ya barabara na kuweka daraja zima juu ya kijito ambacho mtoto wa darasa la tatu anaweza kukiruka. Mwenzangu kazini aliniambia kuwa ni kwa ajili ya samaki, nami nikadhani ananitania. Kwetu Tanga kijito kama kile kingewekewa bomba mbili tu na kazi ikaisha. Je, ni busara kweli kutumia fedha zote hizo?

JIBU: Mwenzako hakukutania. Samaki anayezungumzwa ni samoni, ambaye huanguliwa katika maji baridi ya kijito, hushuka baharini akiwa mdogo, hukaa huko miaka kadhaa akinenepa, kisha hurudi kutaga katika mto uleule alikozaliwa, mara nyingi katika kijito kilekile. Samoni wengi wa Bahari ya Pasifiki hutaga mara moja tu maishani, kisha hufa. Kwa hiyo kijito kikizibwa mahali pamoja, hata kwa urefu wa upana wa barabara tu, sehemu yote iliyo juu ya hapo huwa imetolewa katika hesabu ya uzazi.

Kuna pia upande wa sheria, na huo ndio uliofungua mkoba wa serikali. Katika mikataba ya mwaka 1854 na 1855, makabila ya wenyeji wa eneo hilo yalikabidhi ardhi kwa Marekani lakini yakabakiza haki ya kuvua mahali yalikozoea. Mwaka 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba haki hiyo ina maana ya hadi nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Mwaka 2001 makabila yalirudi mahakamani na hoja ambayo kwa maoni yangu haina jibu: haki ya kuvua ina faida gani ikiwa barabara za jimbo zinazuia samaki kuzaliwa? Amri ya mahakama ilitoka mwaka 2013, na mwaka 2018 majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani waligawanyika wanne kwa wanne, hivyo hukumu ya mahakama ya chini ikabaki kama ilivyokuwa. Jimbo lilitakiwa kufungua asilimia 90 ya makazi ya samaki yaliyozibwa na makalavati yake ifikapo mwaka 2030, na gharama yake imefika mabilioni ya dola. Daraja uliloliona huenda likawa moja ya kazi hizo.

Sasa tuje kwenye uhandisi wenyewe. Kalavati la zamani lilisanifiwa kwa kujibu swali moja tu, yaani kama mvua kubwa ikinyesha, maji yatapita bila kuvunja barabara? Mimi mwenyewe nimechora makalavati si haba katika maisha yangu ya kazi, na sikumbuki hata siku moja mtu kuniuliza habari za samaki. Ukiwa na swali hilo moja, bomba jembamba na laini ndilo jibu la bei nafuu. Lakini simama upande wa chini wa bomba la namna hiyo lililokaa miaka thelathini, utazame linavyofanya kazi. Kijito chenye upana wa mita tatu kimebanwa kikapita katika nafasi ya mita moja, kwa hiyo maji yanakwenda mbio, na kwa kuwa ndani hakuna jiwe wala mzizi, hakuna mahali ambapo samaki anaweza kujificha akapumzika. Maji hayo yakitoka kwa nguvu huchimba udongo chini ya mdomo wa bomba, mwaka baada ya mwaka, mpaka mdomo unabaki unaning'inia juu ya shimo kama mlizamu wa paa la nyumba. Kiangazi kikifika mambo hugeuka, maji yanabaki utando mwembamba kwenye sakafu ya bomba, na samaki mzima hawezi kuogelea humo bila mgongo kutoka nje.

Samoni mkubwa mwenye afya anaweza kuruka mlizamu mdogo, na watu wengi huishia kumfikiria huyo. Lakini yuko pia samoni aina ya koho, ambaye mtoto wake hukaa mtoni zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kwenda baharini, na mvua za vuli zikianza hupanda vijito vidogo na mifereji kutafuta mahali patulivu pa kupitisha majira ya baridi. Huyo ana urefu wa kidole. Kalavati linalompitisha mama yake na kumzuia yeye limefanya kazi nusu.

Ndiyo maana wasanifu wa Washington waliacha kujaribu kukadiria nguvu za kila samaki, wakachukua njia nyingine ambayo ni kuuiga mto wenyewe. Kanuni ya Idara ya Samaki na Wanyamapori ya jimbo hilo ni rahisi kiasi kwamba inaweza kuandikwa kwenye kiganja: pima upana wa kijito kinapojaa mpaka ukingoni, zidisha kwa 1.2, kisha ongeza futi mbili, yaani sentimita 60 hivi. Kijito cha mita tatu kinapata upana wa mita 4.2. Sakafu ya kalavati hufukiwa chini ya kitanda cha mto, na ndani yake hupangwa mawe na kokoto za ukubwa uleule unaopatikana juu na chini ya barabara, kwa mteremko unaokaribia ule wa asili. Mto ukiingia humo haujui kwamba umeingia chini ya barabara, na samaki naye hajui. Kijito kikiwa kikubwa zaidi, au mteremko wake ukiwa mkali, daraja huwa nafuu kuliko kalavati pana, na hapo ndipo unapoona kile ulichokiona.

Umetaja Tanga. Bila shaka unakumbuka barabara zinazokatika masika kwa sababu magogo na matope yameziba bomba mbili. Kalavati pana hupitisha gogo pamoja na samaki, na halihitaji watu wa kulizibua usiku wa mvua. Sisemi kila kijito chetu kijengewe daraja. Nasema tu kwamba bei ya bomba ni lazima ihesabiwe pamoja na bei ya barabara iliyokatika.

SWALI: Mheshimiwa, mimi ni mvuvi mstaafu, naishi Mwanza. Nimesikia redioni kwamba Wamarekani wanabomoa mabwawa ya umeme ili samaki wapite. Nikasikia pia kwamba wana ngazi za samaki tangu zamani. Kama ngazi zipo, kwa nini wabomoe?

JIBU: Mzee wangu, ngazi zipo kweli, na baadhi zinafanya kazi vizuri sana. Bwawa la Bonneville kwenye mto Columbia, lililoanza kazi mwaka 1938, lilijengwa pamoja na ngazi zake. Ngazi ya aina hiyo ni mfululizo wa vidimbwi vya zege, kila kimoja kikiwa juu ya mwenzake kwa kama sentimita 30, kimo ambacho samoni huruka au hupenya bila kuchoka. Ukitaka kumpandisha mita 18 unahitaji vidimbwi 60, na kila kidimbwi lazima kiwe kikubwa kiasi cha kuua nguvu ya maji yanayoangukia ndani yake, la sivyo samaki hukuta povu na msukosuko mahali alipotarajia kupumzika.

Kazi ngumu zaidi iko kwenye mlango. Samoni anayepanda hufuata mkondo wenye nguvu, na chini ya bwawa mkondo wenye nguvu ni ule unaotoka kwenye turbini, yaani mitambo ya umeme inayozungushwa na maji, wala si ule wa ngazi, ambayo hupitisha sehemu ndogo tu ya mto. Mlango usipokuwa karibu kabisa na mkondo huo, na usipotiliwa maji ya ziada ya kuwaita, samaki watazunguka ukutani siku nyingi huku ngazi nzuri iko mita mia moja kutoka walipo.

Ngazi moja iliyonivutia siku zote haiko hata kwenye bwawa. Mahali panapoitwa Hell's Gate, kwenye mto Fraser nchini Kanada, ujenzi wa reli uliporomosha mawe mtoni mwaka 1914 na kuubana mto ambao tayari ulikuwa mwembamba, na samoni wakashindwa kupita. Tatizo ni kwamba kina cha maji hapo hubadilika mno kwa majira, kwa hiyo vidimbwi vya kawaida vingezama au kukauka. Katikati ya miaka ya 1940 zikajengwa njia za zege zenye kuta zilizopasuliwa kwa wima, kutoka juu hadi chini, kiasi kwamba maji yakipanda au yakishuka, samaki huukuta mpasuo uleule kwa kina chochote anachopendelea. Ni usanifu mwepisi wa mawazo, na mpaka leo unanakiliwa.

Lakini ngazi huishia mahali fulani. Bwawa la Grand Coulee, lenye kimo cha takriban mita 168 na lililokamilika mwaka 1942, halikuwekewa ngazi hata moja, na samoni wa sehemu yote ya juu ya mto Columbia wakakomea hapo. Tena kupanda ni nusu ya safari tu. Watoto wa samoni wanashuka kwa kusukumwa na mkondo, na bwawa ni ziwa, halina mkondo. Humo hukutana na maji ya uvuguvugu na samaki walao wenzao, na wakifika ukutani baadhi hupita kwenye turbini. Samoni anayetoka Idaho kwa njia ya mto Snake hupita mabwawa manane kabla ya kuiona bahari. Hata kama kila bwawa lingeua wachache tu, zidisha mara nane.

Jambo la mwisho ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote: ngazi huvusha samaki, lakini haivushi kokoto. Jike wa samoni hulala ubavu, akapiga mkia kitandani mwa mto mpaka anachimba shimo, akataga, kisha akafukia mayai kwa kokoto. Mawe anayoweza kuyasogeza ni yale ambayo kwa wastani hayazidi sehemu ya kumi ya urefu wa mwili wake, na maji lazima yapenye katikati yake ili mayai yapate oksijeni. Bwawa huzuia kokoto hizo pamoja na magogo. Chini ya ukuta mto huendelea kusomba zilizobaki bila kuletewa nyingine, mpaka kitanda kinakuwa cha mawe makubwa yasiyofaa kutagia.

Mto Elwha, katika jimbo hilohilo la Washington, una yote haya mahali pamoja. Mabwawa mawili yalijengwa humo, la kwanza likakamilika mwaka 1913 na la pili mwaka 1927, bila ngazi, ingawa sheria ya jimbo tangu mwaka 1890 ilidai njia ya samaki. Bwawa la chini lilikuwa kama kilomita nane tu kutoka baharini, hivyo zaidi ya kilomita 100 za mto na vijito vyake zilifungwa. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuurejesha mto huo mwaka 1992, na ubomoaji wenyewe ukaanza Septemba 2011 na kumalizika Agosti 2014. Haukufanywa kwa baruti ya siku moja. Kuta zilipunguzwa kidogo kidogo, kazi ikasimamishwa kila msimu wa samaki, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na takriban mita za ujazo milioni 20 za mashapo, yaani matope, mchanga na kokoto zilizotuama, na kuyaachia yote kwa pamoja kungeuzika mto wa chini. Sehemu kubwa ya mashapo hayo ilifika mdomoni mwa mto na kujenga ufukwe mpya wa mchanga mahali palipokuwa pamebaki mawe matupu. Mwaka 2023 watu wa kabila la Lower Elwha Klallam walivua koho mtoni humo kwa mara ya kwanza tangu mabwawa yaondolewe. Habari ya redioni uliyoisikia yaelekea ni ya mto Klamath, kwenye mpaka wa Oregon na California, ambako mabwawa manne yaliondolewa kati ya mwaka 2023 na 2024, na samoni wakaonekana juu ya mahali yalipokuwa katika vuli hiyohiyo ya mwaka 2024.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninasoma uhandisi ujenzi hapa Dar es Salaam. Tumefundishwa kwamba magogo mtoni ni adui wa madaraja na yaondolewe. Halafu nikaona picha ya wahandisi wa Marekani wakitumia mtambo wa kuchimbia (kijiko) kuzika magogo mtoni makusudi. Nani kakosea?

JIBU: Marahaba. Hakuna aliyekosea, mwalimu wako alikuwa anazungumzia gogo linaloelea na wale wa kwenye picha wana gogo lililofungwa. Lakini inafaa ujue kwamba hata huko walipitia somo hilohilo. Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita, maofisa wa samaki wenyewe walikuwa wakivuta magogo kutoka mitoni, wakiamini kwamba marundo yake yanawazuia samoni. Mito ikawa safi, imenyooka, na mitupu. Ndipo wakagundua kwamba rundo la magogo lilikuwa likichimba vidimbwi vyenye kina vya maji baridi, likituliza mkondo, likikamata kokoto za kutagia, na kuwapa watoto wa samoni mahali pa kujificha. Sasa wanalipa fedha kurudisha walichokilipia kuondolewa.

Rundo lililosanifiwa hujengwa kwa miti mizima yenye mashina na mizizi yake, kwa sababu ngao ya mizizi ndiyo inayopasua mkondo. Magogo hupishanishwa kama kuni zilizopangwa jikoni, hubanwa na nguzo zilizopigiliwa ardhini, kisha hufukiwa mawe na kokoto. Adui wa kwanza ni kuelea. Fanya hesabu hii mwenyewe: mita moja ya ujazo ya mti mkavu kama msonobari wa Douglas ina uzito wa kilo 500 hivi, na maji ya ujazo huo ni kilo 1,000, kwa hiyo mto unainyanyua kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 500. Mwamba wa kilo 2,650 kwa mita ya ujazo ukizama hubaki na uzito wa kilo 1,650 tu. Ukigawanya, unapata kwamba kila mita ya ujazo ya mti inahitaji mita 0.3 za ujazo za mwamba ili kusawazisha tu. Ukiweka kipimo cha usalama cha mbili, yaani mwamba mara mbili ya unaotosha kusawazisha, unafika 0.6, na bado hujahesabu msukumo wa mafuriko ubavuni. Wanafunzi wengi husahau kwamba jiwe nalo hupungua uzito majini, na rundo lao huondoka na mvua ya kwanza.

Adui wa pili ni uchimbaji. Rundo linachimba kidimbwi mbele yake, na hilo ndilo tunalolitaka, lakini nguzo isipoingia chini zaidi ya kina ambacho mto utafika, rundo litajichimbia kaburi. Kabla ya kuchora gogo hata moja uliza pia kuna nini upande wa chini, kule mto unakoelekea. Kama kuna daraja, hoja ya mwalimu wako inarudi na uzito wake wote. Mara nyingi jibu la kweli ni kununua kwanza ardhi ya ukingoni ili mto upate nafasi ya kuhama, na magogo yafuate baadaye.

SWALI: Salaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Embu, Kenya. Wazee wetu husimulia kwamba zamani walivua mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, kwenye mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya. Sasa mto Tana una mabwawa. Je, ngazi za samoni zingetufaa?

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Wazee wako wanasema kweli kuhusu njia ya samaki huyo: mkunga wa mto huzaliwa katika Bahari ya Hindi na kukulia mtoni, kinyume kabisa cha samoni, na njia yake ya kufika kwenu ni Tana, ambayo sasa ina Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kwa mfuatano.

Ngazi ya samoni haingewafaa. Anayepanda ni mtoto mwembamba ambaye hawezi kuruka hata sentimita 30, ila anaweza jambo ambalo samoni haliwezi kabisa, yaani kutambaa juu ya ukuta uliolowa, mradi uwe na mkwaruzo. Kwa hiyo kwa mikunga hujengwa mfereji mwembamba wa kulala kimshazari, uliotandazwa manyoya magumu ya brashi, na juu yake hutiririshwa maji kidogo tu. Ulaya njia hizo ni za kawaida, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ngazi ya zege. Hata Bonneville walijifunza kwamba samaki mmoja si samaki wote: lamprei, samaki mwenye umbo kama la mkunga anayepanda kwa kujibandika kwa mdomo, alikuwa akishindwa kwenye kona za pembemraba za ngazi za samoni, kwa kuwa akifika ukingoni mdomo unapoteza mshiko. Ikabidi kona zizungushwe na lamprei wawekewe mteremko wao.

Tabu ya mkunga iko kwenye kurudi. Mkubwa anayeshuka kwenda kutaga baharini anaweza kuzidi urefu wa mita, na mwili mrefu namna hiyo hauponi kirahisi kati ya mapanga ya turbini. Nyavu za kuwachepusha husaidia zikiwa na matundu madogo, na kuna nchi, New Zealand ikiwemo, ambako baadhi ya mitambo husimamishwa kwa saa kadhaa katika usiku wa mvua ambapo mikunga hushuka kwa wingi. Ili kufanya hivyo kwenye Tana ingebidi kwanza mtu ajue wanashuka usiku gani, na pa kuanzia panaweza kuwa hapo shuleni kwako: wanafunzi wawaulize wazee hao ni mvua ipi, na mwezi ukiwaje, ndipo mitego yao ilipokuwa ikijaa.